Ukikuta kiota cha kasa ufukweni kwenu

Wanaonipigia simu kuhusu kasa karibu wote huanza hivi: "Shikamoo bibi, nimekuta mayai, niyahamishie wapi?" Nami nikishaitikia marahaba huwauliza: maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yanafika hapo? Kama hayafiki, yaache. Rudishia mchanga kama ulivyoukuta, futa nyayo, nenda kanywe chai. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya kuzuia mikono, yako kwanza, halafu ya wenzako.

Mimi ni mvuvi wa pweza wa Juani, kisiwa kilicho kusini-mashariki mwa Mafia, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Sisi watu tunakaa upande wa magharibi, upande wa mikoko na magofu ya mji wa kale wa Kua. Upande wa mashariki kuna bahari kuu, mawimbi hayapoi, na huko kwenye mchanga mweupe ndiko kasa wanakopanda kutaga. Kufika huko unakatiza kisiwa kwa miguu. Haya ninayoyaandika ni yale ninayowaeleza vijana wanaotaka kusaidia ulinzi, ila yanamfaa yeyote mwenye mchanga mbele ya nyumba yake, kuanzia Mtwara hadi Lamu.

Nani anataga, na lini

Katika maji yetu wako kasa wa aina tano. Duvi, kigome na noa utawaona kwa bahati, tena baharini. Wanaotaga mchangani kwetu ni kasa kijani, ndiye aliye wengi, na ng'amba, ambaye siku hizi ni adimu. Ng'amba wachache hutaga visiwa kama Misali kule Pemba na Mnemba kule Unguja. Kwa hiyo nikisema kasa hapa chini, namaanisha kasa kijani.

Hutaga mwaka mzima, lakini huku Mafia wengi hupanda masika inapokolea, Aprili hadi Juni, na vitoto hutoka kwa wingi kati ya Juni na Septemba, kusi likivuma. Jike mmoja hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo, hurudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, na hufanya hivyo mara tatu, nne au tano katika msimu mmoja. Akimaliza anaondoka, na anaweza kukaa miaka miwili hadi minne kabla hujamwona tena. Na hadi anaanza kutaga amekwisha kuishi miaka ishirini, thelathini, wengine arobaini. Ndiyo maana jike mmoja akichinjwa, pengo lake halizibwi na viota vya msimu mmoja.

Kusoma mchanga

Toka alfajiri, kabla ya kunguru na kabla ya watoto wa dago, kambi ya wavuvi, kuamka. Jua likiwa chini, kivuli huonyesha kila mfereji. Kasa kijani huvuta mapezi yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo alama zake ni pacha, kushoto na kulia zinalingana, upana wa mita moja hivi, na katikati kuna mkwaruzo wa mkia. Ng'amba hutembea kwa kupishanisha, pezi hili kisha lile, alama zake ni nyembamba na hazilingani.

Zipo nyayo za kupanda na za kushuka. Mchanga husukumwa nyuma ya mapezi, kwa hiyo tazama vijituta vimelalia upande gani: mnyama alikwenda upande wa pili. Nyayo zikipanda, zikapinda, zikashuka bila mchanga kuchimbuliwa, hakutaga. Huenda alikutana na gogo, au tochi, au mtu aliyesimama. Mara nyingi atajaribu tena usiku huohuo au usiku wa pili, basi andika mahali, na usiku unaofuata watu wakae mbali.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo wengi huchimba pasipo na kitu. Ukifika juu utaona shimo kubwa. Mayai hayamo humo. Kasa akimaliza kutaga hutupa mchanga nyuma kwa mapezi ya mbele huku akisogea mbele kidogo kidogo, na shimo unaloliona ni pale alipoishia. Mayai yako nyuma yake, chini ya ule mchanga laini uliorushwa, mita moja au zaidi kuelekea alikoingilia. Wezi wanalijua hilo vizuri kuliko wanafunzi wengi wa chuo waliowahi kuja kwetu.

Usichome mchanga kwa fimbo kutafuta kiota. Fimbo hutoboa yai, yai lililotoboka huvuta siafu na kaa, na kenge anafuata harufu. Kama kweli unalazimika kuhakikisha, piga magoti, chimba kwa vidole, polepole, na ukifikia yai la kwanza simama.

Saa ya kutaga imeandikwa pale pale

Wanawake wa pweza hatuhitaji kuambiwa maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu, yale yasiyojaa sana, hujaa mnamo saa nne, usiku na asubuhi. Kasa hupenda kupanda maji yakiwa juu, apunguze safari ya kujikokota, na akiwa nchi kavu hukaa saa mbili hivi, pengine zaidi.

Angalia mstari wa maji ya usiku ulioachwa na povu na vijani. Nyayo za kupanda zikikatwa na mstari ule lakini za kushuka zikaendelea chini yake, basi alipanda maji yangali yanajaa, akashuka yakiwa yameanza kupwa. Zote mbili zikiteremka chini ya mstari, alipanda baada ya maji kufika ukomo, mayai ni mapya zaidi. Zote mbili zikikatwa kwenye mstari, alikuja na kuondoka mapema, kabla maji hayajajaa. Ukichanganya hayo na saa ya kujaa, unapata saa ya kutaga bila kumuuliza mtu.

Kwa nini nashikilia sana saa? Yai la kasa si yai la kuku. Ndani ya saa chache baada ya kutagwa, kiini hupanda juu na kujigandisha kwenye utando wa ndani wa ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, umekichana, kimekufa, na kwa nje yai linabaki jeupe na zuri vilevile. Utalizika, utalilinda, utahesabu siku, na hakuna kitakachotoka. Sheria tunayoifuata ni saa sita tangu kutaga. Zikishapita, au kama hujui ni usiku upi, usiguse.

Kuhamisha au kuacha

Na hapa kuna mtego. Usiku wa bamvua kasa huletwa juu kabisa na maji yenyewe, anataga karibu na milakasa, ile mimea inayotambaa juu ya mchanga, kiota kinakuwa salama. Usiku wa maji mafu maji hayafiki mbali. Anapanda kidogo, anaona mchanga mkavu, anataga. Asubuhi kiota kinaonekana kikavu, kila mtu anaridhika. Wiki moja baadaye bamvua inakuja na kukizamisha. Viota vinavyohitaji kuhamishwa, basi, ni vya maji mafu, na ndivyo hivyohivyo vilivyotagwa mapema usiku, mnamo saa nne hadi saa sita. Ukisubiri alfajiri, muda wako umekwisha au unaning'inia.

Kwa hiyo mimi hupanga doria hivi: siku za bamvua natoka alfajiri, siku za maji mafu natoka usiku. Nimeona miradi yenye ratiba nzuri ya kuchapwa kwenye kompyuta, doria kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mwezi mzima, kana kwamba bahari nayo inaripoti kazini. Ratiba ya kasa ni kalenda ya mwezi mwandamo.

Jinsi ya kuamua: tafuta mstari wa takataka kavu za zamani ulioachwa na bamvua kubwa. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba. Juu ya mstari huo, panapoota milakasa na vichaka, kiota kiache. Kama kiko chini kidogo tu ya mstari, na maji yatapita juu mara moja moja na kuondoka, pia kiache. Mayai huvumilia kulowana. Kisichovumilika ni kulala ndani ya maji saa nyingi, siku baada ya siku, kwa sababu mayai yanavuta hewa kupitia ganda. Sababu nyingine za kuhamisha ni mchanga unaomeguka na bahari, au mahali ambapo kuibiwa si wasiwasi bali ni hakika.

Ipo mifano ya mahali ambapo huna la kufanya ila kuhamisha. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walikipenda sana. Miti imekwisha, kimebaki fungu la mchanga ambalo bamvua hulifunika lote. Kasa bado hupanda pale. Watu wa Ushongo hupeleka mayai bara, la sivyo kila kiota kingezama. Juani si Maziwe. Ukiwa na shaka, acha.

Namna ya kuhamisha

Muwe wawili. Ndoo ya plastiki safi isiyowahi kutiwa mafuta wala sabuni, futi ya kupimia, daftari. Nawa mikono, usijipake mafuta ya mwili wala dawa ya mbu. Mbu watakuuma, vumilia.

Fukua kwa mikono mpaka yai la juu. Kabla hujatoa hata moja, pima kina kutoka usawa wa mchanga hadi yai hilo. Tia ndooni mchanga wenye unyevu kutoka humohumo shimoni, kama vidole vinne. Toa yai moja moja, upande uliokuwa juu ubaki juu. Usirushe, usizungushe, usipangusie kwenye kanga. Kuhesabu kufanywe na mwenzako kwa sauti, maana anayetoa akihesabu mwenyewe atasahau aidha hesabu au upande wa yai. Likitoka la mwisho, pima kina cha chini. Kwa kasa kijani utakuta sentimita sabini, themanini, mkono wangu huingia mpaka begani.

Funika ndoo kwa kitambaa chenye unyevu, ikae kivulini, ibebwe mkononi. Si kwa baiskeli, si kwa pikipiki. Mahali papya pawe karibu, ufukwe huohuo, juu ya mstari wa bamvua, mchanga wa aina ileile, pasiwe na mizizi. Shimo jipya liwe na umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, kina kilekile ulichopima. Weka mayai moja moja, rudishia kwanza mchanga wenye unyevu, mkavu uje juu kabisa. Gandamiza kidogo kwa kiganja. Usikanyage.

Usitafute kivuli kizito ukidhani unayaonea huruma. Joto la mchanga ndilo linaloamua dume au jike: karibu nyuzi 29 wanatoka mchanganyiko, kukizidi joto wanakuwa majike, kukiwa baridi zaidi madume. Likikaa juu ya nyuzi 33 muda mrefu mayai yanaharibika. Kasa alichagua sehemu yake kwa sababu zake. Mpe mahali panapofanana na pake, pa jua kama palikuwa pa jua.

Kuweka alama bila kumwelekeza mwizi

Fimbo yenye kitambaa chekundu juu ya kiota ni tangazo. Mimi hupima kwa futi kutoka miti miwili ninayoijua, kwa mfano mvinje uliopinda hadi kiota, na mkadi wa pili hadi kiota, naandika vipimo vyote viwili daftarini. Kamba mbili zikikutana, kiota kipo pale. Wenye simu ya kuchukua nukta za setilaiti wazichukue, lakini simu hukosea mita kadhaa, na kwenye mchanga mita kadhaa ni ufukwe mzima.

Kisha futa nyayo za kasa kwa kuti, zote, toka juu hadi majini. Unamficha na wezi, na kesho hutahesabu nyayo zilezile mara ya pili.

Palipo na mbwa au nguchiro, laza wavu wa chuma juu ya kiota, chini ya mchanga kidogo, uushikilie kwa vigingi. Matundu yawe angalau sentimita 5 kwa 10 ili kitoto kipite. Nimewahi kuona wavu wa banda la kuku umetandazwa juu ya kiota na mtu mwenye nia njema kabisa. Ule ni mtego. Kaa utawapunguza kwa kuondoa mabaki ya chakula na vichwa vya samaki karibu na kiota, zaidi ya hapo waache, nao wana kwao.

Kasa akiwa anataga mbele yako

Kaa nyuma yake, chini, kimya. Wakati anachimba hutishika kirahisi na ataacha kila kitu. Akishaanza kuangusha mayai hutulia, lakini hiyo si ruhusa ya kumpapasa, kupiga picha kwa mwanga, wala kumpandisha mtoto mgongoni. Tochi nyeupe zima. Ukihitaji mwanga funga nailoni nyekundu kwenye tochi na uielekeze chini. Utaona machozi yakimtoka. Marehemu bibi yangu akisema analia kwa sababu anawaacha wanawe, na sikuwahi kumbishia. Ni tezi zinazotoa chumvi, na anatoa hivyohivyo akiwa baharini, ila huko hatumwoni.

Kuhesabu siku

Andika tarehe ya kutaga. Kuanzia siku ya 45 anza kupita kila asubuhi. Wengi hutoka kati ya siku ya 50 na 60. Kusi likiwa baridi huchelewa zaidi. Vitoto vikishapasua ganda havitoki mara moja. Vinapanda pamoja, vikisukumana, siku tatu, nne, hata wiki. Utajua viko njiani mchanga wa juu ukianza kudidimia, kijishimo kidogo kama sentimita chache. Ukikiona, usichimbe. Nasema tena kwa sababu hapa ndipo subira ya watu inapokatika, hasa kukiwa na wageni waliolipa kuja kuona. Kiongozi wa wageni akikubembeleza, mwambie bahari haikatiwi tiketi. Siku hiyo ikipita bila kitu, wapelekwe Kua wakaone magofu, kesho warudi.

Mchana mchanga wa juu ukiwa na moto vitoto hukaa chini yake vikisubiri. Ukipoa, jioni au usiku, vinatoka vyote kwa mkupuo. Kabla ya hapo, kazi yako iwe hii: ondoa magogo, nyavu kuukuu na chupa kati ya kiota na maji. Sawazisha nyayo za watu, maana shimo la kisigino kwa kiumbe wa sentimita tano ni korongo. Watu wasimame nyuma ya kiota, asiwepo mtu kati yake na bahari, na asiwepo mwenye taa. Vitoto hufuata upande wenye mwanga zaidi upeo wa macho, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya baraza huvigeuza vikaenda jikoni kwa mtu. Wenye nyumba na hoteli za ufukweni wakizima taa za upande wa bahari usiku, au wakazikinga zisionekane mchangani, wamefanya kazi kubwa kuliko doria yangu, na umeme wameokoa.

Viache vitembee vyenyewe. Kuvibeba hadi majini si msaada. Vinatoka na kiini cha yai tumboni, akiba ya siku chache tu, na nguvu ile ya mwanzo inatakiwa ivipitishe mawimbini hadi maji makuu. Ukiviweka kwenye beseni la maji ili watoto wa shule waje wavione kesho, vitaogelea usiku kucha ukutani mwa beseni na kuimaliza. Vikitoka mchana kweupe, jambo linalotokea mawingu yakifunika, wanawake shikeni kanga mviwekee kivuli na mfukuze kunguru. Kimoja kikikutwa hoi, kiweke kwenye ndoo yenye mchanga wa unyevu, bila maji, kivulini, kiachie magharibi ikiingia.

Wataalamu hukadiria kwamba katika elfu huenda akafikia utu uzima mmoja. Usikiangalie kitoto kimoja ukakipa jina.

Baada ya siku tatu tangu kutoka kwa kundi kubwa, hapo sasa chimba. Hesabu maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa, vitoto vilivyonasa kwenye mizizi. Hivyo vilivyo hai viachie jioni. Maganda yazikwe chini sana, yakibaki juu kenge atajifunza njia ya ufukwe huo.

Kasa wa kwenye nyavu

Viota vinaweza kulindwa vyote na bado kasa wakaisha, kwa sababu ya jarife. Jarife, yaani wavu wa papa na samaki aina ya taa wenye macho makubwa, likilala usiku kucha, humshika kasa naye hufa kwa kukosa pumzi. Anavuta hewa kama wewe. Ukimkuta ndani amelegea, usiseme amekufa, na usimtupe majini hapo hapo, atazama. Mkatie nyavu, mlaze kifudifudi, kamwe si chali, inua upande wa nyuma juu ya ubao ili maji yatoke mapafuni, mfunike kwa kitambaa chenye maji isipokuwa pua, mweke kivulini. Mwache saa kadhaa. Wengine huzinduka baada ya nusu siku au zaidi. Aliyemeza ndoana usimvute mshipi: ukate karibu na mdomo uwezavyo, umpeleke kwa wataalamu kama wako karibu.

Nyama

Wapo watakaokuambia hayo yote ni mazuri, lakini kasa ni kitoweo. Kwanza, sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kumvua, kumuua na kuchukua mayai yake. Pili, waulize wa Panza, Pemba. Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa huko baada ya kula nyama ya kasa, na watu zaidi ya sabini walilazwa. Novemba 2021 walikufa watu saba, Pemba hiyohiyo. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha wala kukausha, haina dawa yake, na mama anayenyonyesha huipitisha kwa mtoto kupitia maziwa. Huwezi kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama. Mwaka jana mlikula mkapona, mwaka huu mnazikana. Hili la watoto linaingia akilini kuliko sheria, mimi hulitanguliza.

Kuna na pesa, tusione aibu kuitaja. Shirika la Sea Sense, linalofanya kazi na vijiji vya pwani ya Tanzania, liliweka utaratibu wa kumlipa aliyetoa taarifa ya kiota, na kumwongezea kwa kadiri vitoto vilivyotoka. Mtu aliyekuwa akiuza mayai alianza kukaa macho usiku ili mtu mwingine asiyaibe. Wageni wakija kuona vitoto vikitoka, sehemu ya malipo huingia kijijini. Mimi sina tatizo na anayelinda kwa ajili ya fedha, mradi analinda hadi siku ya mwisho na haibi siku ya 30.

Daftari na simu

Andika siku hiyohiyo: tarehe, mahali, aina kwa kuangalia nyayo, alitaga au hapana, umehamisha au umeacha, na kama umehamisha, saa. Baadaye: siku ya kutoka, maganda mangapi, mayai mangapi hayakuanguliwa. Miaka mitano ya daftari la namna hiyo itakuambia ni kipande gani cha ufukwe chenu ni cha kuachwa bila taa wala matofali, na mkutano wa kijiji ukikaa una cha kuweka mezani.

Mafia toa taarifa ofisi ya Hifadhi ya Bahari, Utende. Kwingine Tanzania ni ofisa uvuvi wa wilaya au Sea Sense, Dar es Salaam. Kenya, kwa upande wa Watamu, ni Local Ocean Conservation, ambao wana pia mahali pa kuuguzia kasa na huwachukua kutoka kwa wavuvi walionasa mmoja bila kukusudia.

Ukimwona kasa mwenye kibati cha chuma kwenye pezi, soma namba, geuza usome na anwani iliyo upande wa pili, piga picha pande zote mbili. Kama yu hai, kibati kibaki palepale. Hawa si wetu peke yetu: waliofungwa vyombo vya setilaiti wakitaga Komoro na visiwa vingine vya huko wamefuatiliwa wakija kula majani ya bahari Tanzania, Kenya na Msumbiji. Namba unayoisoma Juani huenda kuna mtu Mohéli, kisiwa cha Komoro, aliyeiandika kwenye daftari lake, na anaisubiri.